Dada Alimwambia Tabibu

Niliporudi Mbinga na stashahada yangu, watu walidhani nimekuja kufungua duka. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, na kila aliyetoka nje alirudi na kitu cha kuuza: redio, mitumba, betri, vitenge vya ng'ambo ya ziwa. Mimi nilirudi na hadubini. Nilikuwa nimeifunga kwa blanketi na kuipakata safari nzima kutoka Songea. Kondakta alipotaka niiweke juu ya paa pamoja na matenga ya kuku, nilimwambia hicho ni kichwa changu cha pili, na kichwa hakisafiri na kuku.

"Na hicho cha kwanza," akasema, "kimelipa nauli?"

Basi zima lilicheka. Nilicheka nami, lakini sikuishusha hadubini mapajani.

Nilijitengeneza mwenyewe, na sioni sababu ya kulificha hilo. Niliondoka kijana kwa boti kutoka Mbamba Bay, nikavuka ziwa, nikaendelea kusini hadi Harare, nikaanza kazi kwa kuosha vioo vya maabara ya hospitali. Niliviosha mpaka nikajua kila kioo kinafanya kazi gani. Nikaomba kusoma, nikakataliwa, nikaomba tena. Nikasoma baada ya kazi, nikafanya mitihani pamoja na vijana waliolala kwenye mabweni yenye umeme, na baadhi yao niliwaacha nyuma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mtu mmoja tu ndiye aliyenisukuma: dada yangu, aliyenilea baada ya mama kufa, akauza kahawa ya miti yake michache ili nipande boti. Alinisindikiza mpaka ufukweni, akaniambia nisirudi bila kitu ambacho mwizi hawezi kukibeba.

Hospitali ya misheni iliyoniajiri ilinipa chumba jirani na dobi, chenye harufu ya sabuni na mvuke. Kabla yangu, uvimbe ukitolewa mwilini mwa mgonjwa ulitazamwa kwa macho, ukasifiwa ukubwa wake, kisha ukazikwa nyuma ya jengo. Hakuna aliyejua ulikuwa wa aina gani. Mimi ndiye niliyeleta dawa ya kuhifadhia nyama, nta ya kuigandisha, kisu cha kuikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na rangi za kuipaka ili seli zionekane. Na mimi ndiye niliyeanzisha rejista ya uvimbe. Nasema ni mimi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wapo waliokuja baadaye wakasema "sisi".

Rejista si kitabu cha kuhesabia maiti, kama dobi alivyodhani. Daktari mmoja anaweza kufanya kazi maisha yake yote akaona ugonjwa fulani mara moja tu, akaushangaa, akausahau. Rejista haisahau. Mgonjwa wa mwaka huu hukaa karibu na mgonjwa wa mwaka juzi, ingawa mmoja ni mvuvi na mwingine ni mkulima wa kahawa na hawajawahi kuonana, na ghafla unaona kwamba walilalamika jambo lilelile. Hapo ndipo ugonjwa unapata sura.

Ugonjwa niliokuwa nikiuwinda unaitwa kasinoidi. Nilianza kuupenda nikiwa Harare, kama mtu anaweza kuupenda ugonjwa. Ni uvimbe unaotokana na seli zilizotawanyika mwilini, hasa tumboni na mapafuni, ambazo kazi yake ni kutoa homoni. Seli hizo zikiharibika, zinajenga uvimbe mdogo, mara nyingi mdogo kama punje ya maharage, unaokua polepole kiasi kwamba mtu anaweza kuishi nao miaka mingi bila kujua. Lakini zinaendelea na kazi yao ya zamani, zinatoa kemikali bila kipimo. Zikishafika kwenye ini, kemikali hizo humwagika mwilini mzima: uso unawaka moto ghafla, tumbo linaharisha, kifua kinapiga filimbi kama cha mwenye pumu, na mwishowe vilango vya moyo upande wa kulia vinakakamaa. Mgonjwa anatibiwa amiba. Anatibiwa pumu. Akiwa mwanamke anaambiwa ni umri. Akiwa na majirani wabaya anaambiwa amerogwa.

Vitabu nilivyosoma viliandikwa na watu weupe, navyo vinasema uso wa mgonjwa hugeuka mwekundu. Ukikaa Mbinga ukisubiri uso ugeuke mwekundu, utazeeka. Kwa hiyo katika fomu yangu ya maswali sikuandika "uso mwekundu". Niliandika: "Je, unahisi moto usoni na shingoni bila kuwa na homa? Unapofanya nini? Unapokula nini? Unapokunywa pombe?" Maswali hayo niliyatunga mwenyewe. Nilijivunia maswali yale kuliko suti yangu.

Shida ni kwamba mimi sikuwa nakutana na wagonjwa. Mimi nilikutana na vipande vyao. Aliyekutana nao alikuwa tabibu.

Tabibu alizaliwa Mbamba Bay, mtoto wa ziwani, mrefu, mwenye sauti iliyokaa vizuri kifuani. Naye alikuwa na stashahada, ya nchini, na alikuwa na majivuno yanayolingana na yangu, ila ya kwake watu waliyapenda. Alivaa shati jeupe kwenye njia ya vumbi na lilibaki jeupe. Wagonjwa walimwambia mambo. Mwanamke aliyekaa kimya mbele ya wauguzi wote alifika kwake akafungua moyo kama anafungua kanga iliyofungiwa mahindi. Nikisoma fomu zilizojazwa na wengine, nilikuta "tumbo linauma". Nikisoma za kwake, nilikuta tumbo linauma tangu mwaka gani, baada ya chakula gani, na shemeji yake alisema nini.

"Unawafanya nini?" nilimuuliza siku moja.

"Nawauliza habari za nyumbani."

"Na mimi nauliza habari za nyumbani."

"Wewe unauliza kama karani wa kodi, ndugu yangu mla maharage. Mtu anatafuta risiti mfukoni." Ndivyo watu wa ziwani wanavyotutania sisi wa mlimani kwa maharage yetu.

Nilimwonea wivu. Ulinikaa kama mwiba wa samaki kooni: hauui, lakini kila ukimeza unakumbuka upo. Mwaka mmoja alikuja mgeni, daktari kutoka chuo cha mbali, kuitazama rejista. Alifungua kurasa zangu, akaona kwamba wagonjwa wa kutoka ufukweni wameongezeka sana kuliko zamani, akauliza kama kuna kitu kibaya kwenye maji ya ziwa au kwenye usipa, vile vidagaa vya ziwani. Mimi nilikuwa na jibu. Ugonjwa haukuongezeka, magari ndiyo yaliongezeka. Zamani mtu wa Mbamba Bay mwenye uvimbe alikaa nao nyumbani mpaka akafa, na rejista haikumjua. Soko huria lilipoleta vibasi vya watu binafsi vinavyopanda mlima, walianza kufika. Aidha, hadubini yenyewe ilikuwa mpya. Ukiwasha taa chumbani huwezi kusema mende wamezaliwa dakika ile. Nilieleza yote haya kwa ufasaha. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akaandika, kisha akamgeukia tabibu: "Na haya maelezo mazuri ya wagonjwa, ni kazi yako?" Akampa mkono. Mimi nilipewa mkono baadaye, wakati wa kuaga, pamoja na dobi.

Sasa nifike kwa dada.

Aliolewa upande wa Kingerikiti, kwenye ukoo wa Kimatengo wenye mlima wao, kahawa yao na ngolo zao, yale mashimo ya miraba tunayochimba mlimani ili mvua isiondoke na udongo. Mwaka uliotangulia mambo haya alifiwa na mumewe, akabaki na baba mkwe, mzee mkimya, na wifi yake, mwanamke mwenye ulimi wa wembe. Msimu wa kuchimba ngolo ulipofika, aliita watu kwa ngokela: unapika pombe, majirani wanakuja na majembe, wanalima shamba lako, wanakunywa, na siku nyingine nawe unakwenda kwao. Mjane asiyepata ngokela analima peke yake, na mlima ule haulimwi na mtu mmoja. Akikosa watu msimu mmoja, ukoo unaanza kuuliza shamba libaki kwa nani.

Nilikwenda. Nilipanda nyuma ya pikipiki ya tabibu, kwa sababu alikuwa na kliniki ya chanjo upande huo na mimi sikuwa na pikipiki. Tulifika watu wameshalima nusu ya mlima, mistari ya majani yaliyokatwa imelazwa vizuri, wanaume wanatoka jasho, jua limesimama. Pombe ilikuwa kwenye pipa la plastiki la bluu chini ya mgomba.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Anachota, anakunywa mbele ya watu wote, ndipo wengine wanakunywa. Ni adabu, na ni ushahidi kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Miaka yote shemeji yangu marehemu ndiye aliyekuwa akionja, kama mwenye nyumba, na hakuna aliyegundua kwamba mkewe haweki tone mdomoni. Sasa hakuwepo.

"Wifi, onja tunywe," yule wifi akasema. "Jua linatupika."

Dada akachota jagi, akaniletea mimi. "Mdogo wangu ataonja. Ndiye mwanamume wa upande wangu."

Nilisimama, nikalipokea, nikanywa mafunda marefu kwa mbwembwe zote za mtu aliyekunywa bia za chupa katika nchi tatu. Nikafuta mdomo.

"Tamu," nikasema.

"Shemeji," wifi akanijibu, "wewe umeshuka kwenye pikipiki sasa hivi. Pombe hii hukuipika. Mdomo wa Harare hauwezi kuonjea mikono ya Kingerikiti."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua jagi. Mtu mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba mume naye alikufa haraka. Mwingine akaokota jembe lake.

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye gogo. "Mkwe wangu," akasema, "onja. Funda moja tu, watu waendelee na kazi."

Dada akanitazama. Nililiona jicho lile nilipokuwa mdogo, siku aliyoniambia mama hatarudi. Akachukua jagi, akanywa.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Alirudisha jagi, akajaribu kutabasamu. Kisha akashika shavu kama amepigwa kofi. Jasho likamtoka shingoni, ngozi ya kifua chake ikawa ya kung'aa na kuiva, akaanza kupumua kwa filimbi. Akakaa chini. Halafu akainuka ghafla, akakusanya kanga kiunoni na kukimbilia migombani, na hakuna aliyekuwa pale ambaye hakuelewa anakimbilia nini.

"Sumu!" mtu akapiga kelele.

"Nami nimekunywa!" nikasema. "Nitazameni! Nimekunywa jagi zima!"

"Wewe ni damu yake," wifi akasema. "Sumu ya ndugu haikudhuru wewe."

Wakaondoka. Walishuka mlima na majembe yao, wengine wakitema mate, na nusu ya shamba ikabaki na majani yake yamelala bila udongo juu. Alibaki mzee kwenye gogo na wifi mlangoni, ameziba mdomo kwa kanga.

Tabibu alikuwa ameshatoa mkobani kipimo chake cha kusikilizia kifua. Dada aliporudi akiwa amejiinamia, tabibu alimketisha, akamsikiliza kifua, akamshika mkono, akamtazama mishipa ya shingo. Kisha akaniangalia mimi.

"Umeona?"

"Nimeona kabla yako," nikasema. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeona tangu aliposhika shavu. Ukurasa mzima wa kitabu ulifunguka mbele yangu: pombe, moto, filimbi, tumbo. Maswali yangu yote niliyoyatunga yalikuwa yamekaa pale chini kwenye mkeka, yamevaa kanga ya dada yangu.

"Basi muulize," tabibu akasema.

Nikachuchumaa. "Dada, hali hii ilianza lini? Na tumbo?"

Akajifunika uso. "Mdogo wangu, hayo si ya kuniuliza wewe."

Anayesoma hili akiwa wa kwetu hahitaji maelezo. Dada aliyekubeba mgongoni, akakutawaza, akakufundisha kuvaa suruali, hawezi kukueleza habari za choo chake. Yeye alinitazama uchi wangu wote. Mimi sina ruhusa hata ya kuuliza kuhusu tumbo lake. Ni heshima, na heshima ile ndiyo iliyonilea, kwa hiyo sikuwa na la kuilaumu. Lakini hapo nilipochuchumaa, na stashahada yangu, na maswali niliyoyatunga mimi, niliambiwa ninyamaze; na mtu wa ziwani, ambaye dada alimjua kwa zile siku chache tu za ugonjwa wa mumewe, akanyoosha mkono.

"Mama, twende nyuma ya jiko tuzungumze kidogo."

"Twende, baba."

Nilibaki kwenye miti ya kahawa. Nilisikia sauti zao bila maneno: ya kwake nzito na ya dada nyembamba, inasimama, inaendelea. Nilivunja tawi dogo, nikalimenya ganda. Halafu nikamsikia dada anacheka. Alikuwa mgonjwa, ameaibishwa mbele ya kijiji, shamba lake limeachwa nusu, na yule mtu amemchekesha! Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia tabibu kwa kicheko kile. Mimi tangu nirudi sikuwa nimemchekesha dada hata mara moja. Nilikuwa nimemletea blanketi, sufuria, saa ya mkononi. Nilikuwa nimemsimulia Harare mpaka akasinzia.

Tabibu akarudi akifuta mikono.

"Amenieleza."

"Nini?"

"Yote. Choo, moto, kifua. Walimpa dawa ya amiba zahanati, wakampa tena, wakampa ya pumu. Kuna mtu alimchimbia mizizi. Pombe aliacha zamani, akajifanya ni ahadi ya kanisani." Akamaliza kufuta mikono. "Moto wa usoni ulianza kabla hujaondoka, ndugu yangu. Siku aliyokusindikiza kwenye boti, anasema uliwaka ufukweni pale, akadhani ni huzuni."

Nilikuwa naikumbuka siku ile vizuri sana. Nilikuwa nimemsimulia tabibu mwenyewe zaidi ya mara moja, jinsi dada alivyosimama majini mpaka magotini. Sasa yeye alijua kitu ndani ya siku yangu ambacho mimi sikukijua.

Kilichobaki kilikuwa kumpeleka hospitali akapasuliwe, na hilo halikuwa letu kuamua. Mjane yuko mikononi mwa ukoo wa mume. Jioni, kabla jua halijazama, wanaume wa ukoo hukutana kwa mzee wao kwenye sengu, wanakula chungu kimoja na kukata mashauri. Jioni ile walikuja wengi, maana habari ya sumu ilikuwa imeshazunguka mlima. Ugali ukaletwa, na maharage. Nilimpa mzee shikamoo kwa mara ya pili siku ile, akanipa marahaba bila kunitazama.

Mimi ndiye niliyejua ugonjwa ule kuliko mtu yeyote kati ya Songea na ziwa. Ningeweza kuwaeleza kuhusu seli, ini, homoni. Lakini kaka wa mwanamke hasimami mbele ya wakwe akataja tumbo la dada yake. Ningefungua mdomo tu, wangeinuka. Kwa hiyo nilikula maharage, na tabibu, mgeni asiye na undugu na mtu pale, akasema.

"Wazee wangu, mmeona moshi leo. Mmeogopa, na mlikuwa na haki ya kuogopa. Lakini moshi hauanzi wenyewe. Kuna mtu amehamia kimya kimya kwenye shamba la mama huyu, ndani ya tumbo lake, amejenga kibanda kidogo, hana kelele, hana mgogoro na jirani. Ila kila siku anawasha moto. Moshi unampanda mama usoni, unamwingia kifuani, unamvuruga tumbo. Pombe inachochea tu. Hata ningeipika mimi, hata angeipika padre, ingemfanya vilevile."

"Padre hapiki," mtu mmoja akasema.

"Hujaenda jikoni kwake."

Wakacheka. Hata mzee alitikisika mabega. Mimi nilikaa nikihesabu makosa katika maelezo yale. Hakusema lolote kuhusu ini. Hakusema kwamba vibanda vingine huenda vimeshajengwa na havitabomoleka vyote. Ningesema vizuri zaidi, kwa usahihi zaidi, na wasingenielewa.

"Na mume wake?" mzee akauliza polepole. Kicheko kikakatika. "Mwanangu alikufa kwa moshi huo?"

"Mzee, mwanao alikufa kwa kichomi, hospitalini kwetu, nilimtibu mimi. Mkewe alilala sakafuni chini ya kitanda chake mpaka siku ya mwisho. Anayeua hakai hivyo."

Mzee akanawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu. "Tukaibomoe hiyo nyumba," akasema. "Na shamba lake lilimwe. Nitaonja mimi."

Wifi wa dada ndiye aliyebeba mikeka na sufuria ya kumwuguzia. Hakuomba radhi kwa maneno. Alikaa kwenye jiko la hospitali na kugombana na kila mtu aliyekaribia uji wa dada.

Tuliogopa upasuaji ule. Uvimbe wa aina hii ukishikwa kwa pupa humwaga kemikali zake zote kwa mara moja, na dawa ya kuuzuia ilikuwa katika vitabu tu, haikufika Mbinga. Niliingia chumbani kwa daktari mpasuaji na kitabu changu, nikamsomea kurasa ambazo alikuwa amezisahau au hakuwahi kuzisoma, nikamwambia ashike taratibu na asiwe na haraka yoyote. Alinisikiliza. Hilo nalidai, na hakuna wa kuninyang'anya.

Alikuta uvimbe mdogo kwenye utumbo mdogo, mdogo kuliko tulivyodhani, na utando ulioshikilia utumbo umejikunja kama kitambaa kilichoungua. Kwenye ini kulikuwa na madoa. Utumbo aliukata na kuuunga. Madoa aliyaacha, maana kuyagusa kungekuwa kumwua. Kipande kikaletwa kwangu katika chupa.

Nilifunga mlango. Nilikigandisha kwenye nta, nikakikata, nikakipaka rangi, nikaweka slaidi chini ya hadubini. Seli zilikuwa pale, zimejipanga katika viota vidogo vya mviringo, zinafanana kama watoto wa shule waliovaa sare, na ndani ya kila moja chembe zimetawanyika kama unga wa ulezi uliomwagika kwenye meza. Zilikuwa nzuri. Sitaki kusema hivyo kuhusu kitu kilichokuwa kinamwua dada yangu, lakini zilikuwa nzuri, na zilizungumza nami moja kwa moja bila kupitia kwa mtu. Tabibu alibisha hodi. Nilimwacha abishe kidogo kabla ya kufungua. Nilipeleka slaidi ya pili kwa bingwa wa hospitali kubwa, na jibu lake lilipofika lilikuwa ni langu kwa maneno marefu zaidi.

Nikamwandika dada katika rejista. Umri, mlima anakotoka, alikotibiwa kwanza, miaka kati ya dalili ya kwanza na jibu. Kwenye safu ya aliyepokea maelezo ya mgonjwa kuna kanuni, nami ndiye niliyeiweka: anaandikwa yule ambaye mgonjwa alimweleza kwa mdomo wake. Niliandika herufi za kwanza za jina la tabibu. Kisha nikarudi nyuma kwenye kurasa za miaka iliyopita, nikawatafuta wote walioandikwa pumu na kuhara pamoja, wote walioacha pombe bila sababu, nikaomba waitwe. Kwa maradhi haya wengi tulikuwa tumewapata kwa bahati, vijana waliotolewa kidole tumbo kwa sababu nyingine kabisa, uvimbe ukaonekana ndani yake kwa hadubini. Hao hawakuwa na dalili na walipona. Wenye dalili walikuwa wametupita mlangoni. Baadhi waliitika wito. Baadhi walikuwa wameshazikwa.

Siku dada alipoanza kukaa kitandani bila kushikwa, nilimpelekea uji mwenyewe. Wifi yake aliniruhusu baada ya kuuonja. Dada alikuwa amekonda mashavu, lakini macho yalikuwa yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Umekonda wewe kuliko mimi."

"Moto umepungua?"

Akatazama dirishani, wanakoanika mashuka. "Tabibu yuko wapi?"

"Nipo mimi."

"Nakuona kwamba upo." Akacheka kidogo, akashika mshono. "Nenda kamwite."

Nilivuka uwanja. Tabibu alikuwa na foleni ndefu mlangoni, akina mama wenye watoto, mvuvi mwenye mguu uliovimba. Nilimwambia dada anamwita.

"Ana nini?"

"Hakuniambia."

Akanawa mikono, akatangulia. Nilimfuata mpaka mlango wa wodi, nikasimama nje, karibu na ndoo za maji. Dada hakushusha sauti. Nadhani alijua niko pale, na labda ndiyo sababu hakuishusha.

"Baba, jana usiku sikuamka kwenda nje," alimwambia. "Nimelala mpaka asubuhi. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nililala hivyo."

Tabibu akamwuliza jambo, akajibu, wakacheka tena wote wawili. Kisha akatoka, akanikuta nimeegemea ukuta.

"Ukaandike," akasema. "Usiku hakuamka."

"Nimesikia," nikamwambia.